Mapipa Matatu Chini ya Uwanja

Kwa miaka sita nilikuwa dereva wa lori la takataka katika mji wa Kigali. Nilizunguka sokoni, kwenye mahoteli na kwenye maofisi, nikasubiri wapakiaji wajaze, halafu nikaenda kumwaga. Jalala letu lilikuwa korongo moja upande wa chini wa Muhima, linaloteremka kuelekea Nyabugogo. Nilirudisha lori kinyumenyume mpaka ukingoni, nikainua bodi, na uchafu ukaporomoka kwa kishindo huku kunguru wakiruka. Chumba nilichopanga na mke wangu kilikuwa karibu sana na hapo. Harufu niliyoipeleka mchana niliilala usiku.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama mjane, fundi cherehani. Alishona sare za shule, gauni za buluu za wasichana na kaptula za kaki za wavulana. Sisi tulikuwa Waislamu na yeye alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini Idi alikula kwetu na Krismasi tulikula kwake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini kwetu, cha kuchanganya na Kinyarwanda. Mimi aliniita Shoferi, na mimi nilimwita Mama, ingawa hakunizidi hata miaka kumi. Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa matundu ya vifungo. Cherehani yake haikuweza kuyashona, kwa hiyo aliyashona kwa mkono, moja baada ya jingine, na ungeyatazama usingejua kama ni mkono wa mtu.

Mwishoni mwa mwaka 1990 tuliambiwa korongo limejaa na litafungwa, na kwamba tutaanza kumwaga mbali, nje ya mji. Zilikuwa zimebaki wiki mbili hivi. Siku hizo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na garaji ndogo kule Gatsata, ng'ambo ya bonde, akitengeneza betri za magari. Alinijia asubuhi moja nikiwa napasha lori moto.

"Shemeji, nina mapipa matatu ya maji ya betri yamenikalia uani," aliniambia. "Ni asidi kali, imechafuka, haifai tena. Watoto wanacheza pale pale. Juzi mdogo nimemkuta anakalia kifuniko. Nisaidie."

Nilimuuliza kwa nini asiulize ofisi ya mji mahali pa kuyapeleka. Akacheka. "Ofisi? Wataniuliza leseni, wataniuliza na baba yangu alizaliwa wapi."

Nilikubali. Watoto wale ni wapwa wa mke wangu, nilikuwa nawabeba mabegani. Tulipakia mapipa, ya plastiki ya buluu, tukayapeleka mimi na yeye peke yetu, bila wapakiaji. Sikutaka kuyamwaga juu kwa kishindo yakapasuka, kwa hiyo tuliyateremsha kwa kamba hadi sehemu ya chini kabisa ya korongo, tukayalaza kwa mstari. Siku hiyo hiyo nikaleta mizigo mitatu ya takataka za soko nikaimwaga juu yake. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi, makaratasi. Jioni hayakuonekana tena, na mimi nikajiona mtu aliyefanya jambo la busara.

Baadaye likaja tingatinga likasawazisha, likamwaga udongo mwekundu juu. Korongo likawa kama meza kubwa iliyoinama kidogo. Kwa miezi kadhaa palikaa hivyo, hapana uchafu, hapana kitu.

Aliyeanzisha mambo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyokuwa juu ya lile korongo. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa na chaki kwenye viwiko siku zote. Shule yake haikuwa na kiwanja. Watoto walicheza mpira barabarani, na mmoja alikuwa amegongwa na pikipiki akavunjika mguu. Mwalimu aliandika barua ofisi ya mji, akaandika tena, hatimaye wakamjibu kwamba eneo lile halina mpango wowote na wakazi wanaweza kulitumia wakilitunza. Akatuita watu wa mtaa kwenye baraza ya shule, akatusomea ile barua kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Alipomaliza akanigeukia. "Shoferi, wewe ndiye unayelijua korongo hili kuliko sisi sote. Umelijaza kwa mkono wako. Pako salama?"

Watu wote walinitazama. Mama jirani yangu naye alinitazama, akitabasamu, kana kwamba sifa ile ilikuwa yake. Mke wangu alikuwa kando yangu. Yeye hakujua lolote juu ya mapipa.

"Pako salama, Mwalimu," nilisema. "Ni maganda ya ndizi na makaratasi."

Nimejiuliza mara nyingi kama niliogopa. Ukweli ni kwamba wakati ule sikuogopa hata kidogo. Niliona mapipa yapo chini sana, yamefunikwa, na kwamba kusema kungeharibu jambo zuri na kumtia shemeji matatani bila faida. Uongo ule ulinitoka mwepesi.

Tulifanya kazi Jumamosi baada ya Jumamosi. Umuganda wa serikali, ile kazi ya pamoja ya lazima, ulikuwa umeanza kulegea kwa sababu ya vurugu za vyama, lakini kwa Mwalimu watu walikuja bila kuitwa mara mbili. Tulichimba mifereji ya kupitisha maji ya mvua. Ardhi ilikuwa inazama. Leo unasawazisha, wiki ijayo unakuta shimo la kuingia mtu mpaka kiunoni, tunalijaza tena. Asubuhi baada ya mvua mvuke ulitoka ardhini, wenye harufu ya kitu kilichochacha, na wazee walisema ardhi inapumua. Tulipanda nyasi za paspalum, mche mmoja mmoja, tukiwa tumechuchumaa mstari mzima, wanaume kwa wanawake. Magoli tuliyatengeneza kwa miti ya mikaratusi.

Mechi ya kwanza ilikuwa kati ya walimu na wafanyabiashara wa Muhima. Mimi nilikuwa golikipa wa wafanyabiashara, kwa sababu walisema dereva lazima awe na macho. Mama alikuwa ametushonea jezi kutokana na kitambaa cha pazia, rangi ya machungwa, chenye maua. Tulichekwa sana. Tulifungwa manne kwa moja, na kila bao nililofungwa nilimsikia Mama akipiga kelele kutoka ukingoni, "Shoferi, hiyo si takataka, usiiache ipite!" Vita vilikuwa kaskazini, kwenye barabara kulikuwa na vizuizi, watu walikuwa wamekamatwa na wengine hawajarudi. Lakini mchana ule watu wa kila namna walikaa kwenye nyasi zile pamoja. Nakiri kwamba nilikuwa nimeyasahau mapipa kabisa.

Niliyakumbuka siku kina mama walipoomba bustani.

Sehemu ya chini, nyuma ya goli la upande wa Nyabugogo, ilikuwa nyembamba mno kwa mpira. Wanawake kumi hivi, Mama akiwa mbele, walimwomba Mwalimu waigawane walime mboga. Akakubali mara moja. Nilikuwepo. Mapipa yalikuwa chini ya sehemu hiyo hiyo.

"Kwa nini msilime upande wa juu, karibu na shule?" niliwauliza.

"Huko juu iko mpira, Shoferi," Mama alinijibu. "Huku chini iko maji ya mfereji. Wewe unaendesha lori tu, kulima unajua nini?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Jumapili nikavuka bonde kwenda Gatsata kumwona shemeji. Nikamwambia wanawake wanalima juu ya mapipa yake.

"Yako chini namna gani?" aliuliza.

"Mita mbili. Labda tatu."

"Jembe linaingia mita mbili?" Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, hakunitazama. "Ukisema, wewe utafukuzwa na mimi nitafungwa. Siku hizi unaziona zilivyo. Mtu anafungwa kwa jambo dogo kuliko hili."

Nilirudi nyumbani nikijiambia jembe haliingii mita mbili. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Tulichosahau wote wawili ni kwamba ardhi ile ilikuwa inazama, na mvua ilikuwa inachota udongo wa mteremko kidogo kidogo kila msimu.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri ajabu. Dodo, ule mchicha wa kwetu, zilikuwa na majani mapana kama kiganja, na maharage yalipanda miti mpaka yakaiinamisha. Tulikula mboga za pale karibu kila siku.

Ajali ilitokea mwaka 1992, wakati wa mvua za Machi, Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa uwanjani na Mwalimu, tunajaza shimo karibu na goli. Mama alikuwa chini yetu, hatua chache tu, anachimba kuondoa udongo uliokuwa umebomoka usiku. Nikasikia jembe likigonga kitu, mlio mzito, mfu, si wa jiwe. Nikageuka. Alikuwa ameinama, anavuta kitu cha buluu kwa mkono wa kulia. Kabla sijafungua kinywa, plastiki ikapasuka.

Hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, halafu mguu. Ndipo akapiga kelele.

Niliruka kutoka ukingoni. "Maji!" nilipaza sauti. "Leteni maji, mengi! Ni maji ya betri, msiguse, mmwagieni maji!"

Nilimkokota mpaka mferejini, nikautia mkono wake kwenye maji machafu ya mvua, na watu wakaja na madumu kutoka shuleni tukammwagia, tukammwagia. Kisha nikambeba mgongoni kupanda mteremko hadi kwenye lori, nikampeleka hospitali nikipiga honi njia nzima. Alikuwa amelala begani kwangu akisali rozari kwa sauti ndogo, na katikati ya sala alikuwa akisema, "Asante, Shoferi. Mungu akulinde, Shoferi."

Mwalimu alinisubiri barazani kwangu jioni. Alikuwa hajabadilisha nguo, matope yamemkauka.

"Ulijuaje kama ni maji ya betri?" aliniuliza.

"Harufu, Mwalimu. Shemeji yangu ni fundi wa betri. Harufu hiyo naijua."

Alibandua tope lililokauka kiwikoni. "Iko vingine kule chini?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa mbele yangu, mpana, na mtu mpole ameushika. Nilihitaji kusema neno moja tu. Nikasema, "Sijui. Watu walikuwa wanakuja kutupa vitu vyao usiku, mimi sipo. Afadhali bustani ifungwe."

Bustani ikafungwa. Pipa lililopasuka tulilifukia kwa majivu na mchanga. Mimi mwenyewe nilipanda ua wa miyenzi kuzunguka sehemu ile yote, ile miti ya utomvu mkali ambayo hata mbuzi hawaili. Niliupanda mnene sana. Watu walinisifu kwa bidii. Wanawake kumi walipoteza mboga zao bila kujua kwa nini hasa, na mapipa mawili yakabaki ndani ya ua wangu.

Mkono wa Mama ulipona baada ya miezi miwili, lakini haukurudi ulivyokuwa. Ngozi ilijikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, na vidole viwili, cha tatu na cha nne, havikunyooka tena. Aliweza kusukuma kitambaa kwenye cherehani kwa mshono ulionyooka. Matundu ya vifungo hayakuwezekana. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akayafumua, akajaribu tena. Mwishowe akawa anayapeleka kwa fundi mwingine wa Nyabugogo, na alipokuwa akizirudisha nguo zile alikuwa akiyatazama matundu ya mwenzake moja moja.

Alimhadithia kila mtu jinsi nilivyombeba. Sokoni, kanisani, kwa wateja. Mara nyingi nilikuwa napita akanionyesha kwa mgeni: "Huyu ndiye aliniokoa. Ingekuwa si yeye, mkono wote ungekwenda." Nilikuwa nikiinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa mwaka 1993, mwezi wa Agosti, siku redio ilipotangaza kwamba mkataba wa amani umetiwa saini na watu mtaani wakawa wanapeana mikono. Nilijiambia kama nchi inaweza kusema yake, mimi pia naweza. Nilimkuta Mama barazani anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Nikaichukua sindano, nikamtungia.

"Mama," nikasema, "nina neno la kukuambia. Ni la siku nyingi."

Akaiweka nguo magotini, akanitazama. "Sema, Shoferi. Mke wako iko na mimba?"

Mteja akaingia, mzazi mwenye binti wawili wa kupimwa gauni. Mama akainuka kuchukua utepe. "Ngoja kidogo, nakuja," akaniambia. Nilisimama pale kama dakika mbili. Kisha nikaondoka. Nilipokuwa nashuka ngazi nilijisikia mwepesi, kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hajaja. Jioni akanipigia hodi kuniuliza lile neno lilikuwa nini. Nikamwambia nilitaka anishonee shati.

Alinishonea. Vifungo aliviweka vya kubana, vile vya chuma, visivyohitaji matundu.

Aprili 1994 sisi tulikuwa Nyamirambo kwa wakwe zangu, tulikuwa tumekwenda kwa sababu mke wangu alikaribia kujifungua. Hatukurudi Muhima. Barabara ilifungwa siku ya kwanza ya mauaji, na hata ingekuwa wazi sijui kama ningethubutu. Mama alikuwa Mtutsi. Waliuawa wengi wa mtaa ule, na yeye alikuwa mmoja wao. Sikuwepo na siwezi kusimulia nisichokiona.

Watu niliowasimulia habari hii wameniambia: katika mwaka ule, nani atakumbuka mkono wa mtu? Naelewa wanachomaanisha, na wanasema kwa huruma. Lakini yale makubwa yana wenyewe walioyatenda. Hili ni langu.

Nilirudi Muhima mwezi wa Septemba. Nyasi za uwanja zilikuwa zimefika magotini. Mwalimu alikuwa hai, mimi sikuamini nilipomwona. Alikuwa amekonda zaidi, amekaa kwenye ngazi ya darasa lisilo na mlango, anapanga juani vitabu vilivyolowa. Alikuwa amepoteza ndugu wengi. Tulikumbatiana kwa muda mrefu. Halafu, kabla hajaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia. Nilimwambia yote, Gatsata, kamba, mizigo mitatu ya maganda ya ndizi, na jibu nililompa siku ya kikao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aligeuza kitabu kimoja upande wa pili kikauke.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. "Mkono haukuwa wangu."

"Mwenyewe hayupo."

"Najua hayupo." Akaweka kitabu kingine juani. "Kwanza tuyatoe yaliyobaki. Watoto watarudi hapa kucheza."

Tulichimba siku mbili, mimi na yeye, tukiwa tumefunga miguu kwa mifuko ya plastiki. Miyenzi yangu ilitutesa, ilikuwa imeota mizizi kila mahali. Pipa moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limepasuka kwa chini na lilikuwa tupu, limekauka. Lilikuwa limevuja zamani, pengine tangu msimu wa kwanza, wakati wa zile dodo za majani mapana. Mwalimu aliinama akalitazama ndani. Lile zima tulilimaliza kwa majivu, ndoo baada ya ndoo, mpaka likaacha kuchemka.

Tulipokuwa tunanawa alisema, "Mama alikuwa na mdogo wake anayeishi kule Kabuga, nje ya mji. Nimesikia alipona. Nenda kwake."

Nilikwenda wiki iliyofuata, nikapanda nyuma ya pikapu iliyobeba mihogo. Nilimkuta nyumbani kwa watu waliomhifadhi, karibu na soko. Alifanana na dada yake kwa kipaji cha uso na kwa namna ya kukaa. Nilipojitambulisha kuwa ni dereva wa Muhima, uso wake ulibadilika, akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ni Shoferi!" alisema. "Wewe ndiye ulimbeba mgongoni! Alinihadithia mara ngapi! Karibu, kaka yangu, karibu ukae."

Aliniletea kiti, akaagiza maji ya kunywa. Ningeweza kuyanywa, nikaomboleza naye, nikarudi. Hilo nalijua sasa. Siku ile nilikuwa na mzigo, na nilichotaka ni kuutua. Nikamwambia.

Alikuwa bado amesimama. Nilipomaliza alikaa chini polepole, si kwenye kiti, kwenye mkeka. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza swali moja: kama dada yake alikuja kujua. Nikasema hapana.

"Afadhali," akasema.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mimi sina picha yake hata moja. Nyumba yake ilichomwa. Nilikuwa nimebaki na hadithi chache, na ile yako ilikuwa nzuri. Nilikuwa naisema moyoni nikikosa usingizi, kwamba kuna mtu alimbeba. Sasa umekuja umeichukua."

Nilisema nisamehe, akatikisa kichwa, na sikujua kama maana yake ni ndiyo au hapana. Aliinuka akanisindikiza mpaka mlangoni, kama desturi inavyotaka, akaniambia magari ya kwenda mjini yanasimama ng'ambo ya soko. Nilisimama pale barabarani zaidi ya saa nzima. Magari mawili yalipita yakiwa na nafasi, na sikuyasimamisha.